Kufungua Furushi: Programu za Bure za Kusomea Mikusanyo ya Baruapepe na Hatima ya Kiswahili cha Mijadala

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuyatafuta maandishi ya lugha yetu katika vitabu, magazetini, katika miswada ya kale na, tangu watafiti wapanue macho, kwenye kanga na migongo ya matatu. Lipo ghala jingine ambalo halizungumzwi sana. Ni zile barua za mijadala ambazo, tangu miaka ya 1990, mtu mmoja aliziandika na zikawafikia mamia ya wengine kwa njia ya baruapepe. Humo watu walibishana juu ya katiba, bei ya mahindi, uongozi wa vyama na asili ya maneno. Waliandika kwa haraka, bila mhariri, na wakajibizana papo kwa papo. Kwa mtafiti wa isimujamii, maandishi ya namna hii ni lulu, kwa kuwa yanakaribia mazungumzo kuliko tahariri yoyote ya gazeti.

Makala hii inahusu chombo kidogo kinachohitajika ili ghala hilo lisomeke, yaani programu isiyolipiwa, inayokaa ndani ya kompyuta ya msomaji, ambayo huzifungua barua zinapofika zikiwa zimefungwa pamoja. Huenda mada hii ikaonekana kuwa ya mafundi. Hoja yetu ni kuwa inamhusu mwanaisimu vilevile, maana namna barua zinavyofungwa na kufunguliwa ndiyo inayoamua kama neno ng'ombe litasalia kuwa ng'ombe, na kama mtafiti wa kesho ataweza kujua nani alimjibu nani.

Furushi ni nini, na liitweje?

Orodha ya barua ni anwani moja inayowakilisha watu wengi. Mwanachama akiiandikia anwani hiyo, seva huinakili barua yake na kuisambaza kwa kila aliyejiandikisha. Awali, kazi ya kuandikisha wanachama na kuwafuta ilifanywa na watu. Mwaka 1986 Éric Thomas, akiwa mwanafunzi mjini Paris, alitunga LISTSERV ili kompyuta yenyewe iifanye. Baadaye zikafuata programu nyingine, zikiwamo Majordomo na Mailman. Nchini Kenya, Mailman ilitumiwa na KICTANet, mtandao wa wadau wa teknolojia ya habari na mawasiliano ulioundwa mwaka 2004. Orodha yake imekuwa uwanja mkubwa wa kujadili sera za teknolojia nchini, ingawa, tukubali tusikubali, kwa Kiingereza zaidi. Upande wa Tanzania palikuwa na Wanabidii, kundi lililoendeshwa kwa huduma ya Google Groups, ambamo siasa na uchumi vilijadiliwa aghalabu kwa Kiswahili kisichotafuta idhini ya mtu.

Orodha inapochangamka, barua 50 kwa siku si ajabu. Ndiyo sababu mwanachama hupewa hiari: apokee kila barua peke yake punde inapotumwa, au aombe zikusanywe na kuletwa pamoja. Mailman, isipoagizwa vingine, huutuma mkusanyo pindi unapofikia takribani kilobaiti 30. Uliopungua kiasi hicho hutumwa mara moja kwa siku. Google Groups hukusanya hadi barua 25 katika mkusanyo mmoja.

Mkusanyo huo tuuiteje? Wapo wanaouita muhtasari. Jina hilo linapotosha, kwa kuwa hakuna kilichofupishwa: barua zote zimo, tangu salamu hadi sahihi. Google Groups yenyewe ilitofautisha mambo haya mawili, ikawa na hiari moja ya barua kamili zilizokusanywa na nyingine ya maelezo mafupi tu. Hiyo ya pili ndiyo inayostahili jina la muhtasari. Neno dondoo lina ila iyo hiyo, maana kudondoa ni kuchagua. Mkusanyo ni neno salama, ila halidokezi kuwa kilichokusanywa kinatazamiwa kutenguliwa tena. Kwa maoni yetu furushi ndilo neno lifaalo. Furushi hufungwa na mtu mmoja, husafiri likiwa limefungwa, na hufunguliwa na mwingine afikapo. Vilivyomo hubaki vile vile vilivyowekwa. Pia linatupa kitenzi bila kuhangaika: programu hulifungua furushi. Katika makala hii tutalitumia neno hilo.

Barua zilivyosafiri hadi Misikhu

Misikhu ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale kupitia Kamukuywa na Kiminini. Liko katika Kaunti ya Bungoma ya leo. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi huko likizoni katikati ya miaka ya 2000, intaneti haikuwa mahali anapokaa. Ilikuwa mahali anapokwenda, kama vile mtu aendavyo posta au kusaga mahindi. Alipanda matatu hadi Webuye, au akashika njia ya pili hadi Kitale, akaingia saiba na kulipia kwa dakika. Ikumbukwe kuwa hadi nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na dunia. Ukurasa mmoja wenye picha uliweza kula dakika nzima kabla neno la kwanza halijaonekana.

Katika hali hiyo, kuzifungua barua 40 mojamoja mbele ya saa ya mwenye saiba kulikuwa kujifilisi. Furushi lilikuwa jawabu la kwanza: faili moja, maandishi matupu, hakuna picha. Programu ya mezani ilikuwa jawabu la pili. Mwishoni mwa mwaka 2004 Gmail iliwaruhusu watumiaji wake, bila malipo, kuchota barua kutoka kwenye seva kwa itifaki ya POP, na mnamo Desemba mwaka huo huo toleo la 1.0 la Thunderbird likatolewa. Palikuwa pia na toleo la Thunderbird lililoandaliwa kubebwa ndani ya flashi, hata lisihitaji kuwekwa kwenye kompyuta ya watu. Kwa hiyo mtu aliweza kuchomeka flashi yake saibani, akachota barua zote kwa dakika chache, akachomoa na kwenda zake. Nyumbani alizisoma taratibu bila mtandao, akaandika majibu, nayo yakangoja katika kikasha cha barua zitokazo hadi safari nyingine ya mjini.

Mtindo huu una historia ndefu kuliko saiba. Mwaka 1984, nchini Marekani, Tom Jennings alianzisha FidoNet, mtandao ambao kompyuta zake zilipigiana simu usiku, gharama zikiwa chini, zikabadilishana barua zilizofungwa na kubanwa pamoja, kisha zikakata. Mwaka 1987 Mark Herring akatunga mfumo wa QWK, uliomwezesha mtu kuchota furushi la mijadala, akate simu, asome na kujibu nje ya mtandao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti kamili haijafika Kenya, mashirika yasiyo ya kiserikali jijini Nairobi yalipokea barua zake kwa njia ya FidoNet. Mtu wa Misikhu aliyebeba flashi kutoka Webuye alikuwa akifanya kwa matatu yale ambayo wenzake wa Nairobi walikuwa wamefanya kwa simu.

Tusiipambe sana hali hiyo. Kuchelewa kwa siku tatu ni kuchelewa, na mjadala wa kuomba nafasi ya kazi haumngoji mtu. Hata hivyo, msomaji wa furushi alikuwa na jambo moja ambalo msomaji wa papo kwa papo hakuwa nalo: aliuona mjadala mzima kabla ya kujibu. Anayezifahamu orodha hizo atakumbuka ni magomvi mangapi yalizuka kwa sababu mtu aliijibu barua ya kwanza bila kujua kuwa ya tatu ilikuwa imekwisha kuomba radhi.

Programu inavyolifungua furushi

Mafurushi ni ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na wengi wanaojiandikisha.

Aina ya kwanza ni furushi la maandishi matupu. Umbo lake lilielezwa katika waraka wa viwango uitwao RFC 1153, ulioandikwa na Frank Wancho na kutolewa Aprili 1990. Furushi hilo huanza na utangulizi: jina la orodha, juzuu na toleo, kisha mada zilizomo. Chini ya utangulizi huja mstari wa vistari 70. Zinafuata barua zenyewe, kila moja ikitengwa na mwenzake kwa mstari wa vistari 30, wenye mstari mtupu juu na mwingine chini. Mwishoni kuna tamko fupi kuwa furushi limekwisha, nalo limepigiwa nyota chini yake. Ni kama barua ndefu moja iliyochorwa mipaka ndani.

Programu inayolifungua furushi la aina hii huyapitia maandishi mstari kwa mstari. Ikikuta vistari 30 kamili vikiwa peke yao, hutazama kama mistari inayofuata ni vichwa vya barua, yaani tarehe, jina la mwandishi na mada. Ikiwa ndivyo, hukata hapo na kuhesabu barua mpya. Masharti haya yote mawili ni ya lazima. Wapo watu wengi wanaopenda kuchora mistari ndani ya barua zao. Mtu akituma shairi na kutenganisha beti zake kwa vistari, programu isiyo makini italikata shairi hilo vipande vipande na kulihesabu kila ubeti kuwa barua isiyo na mwandishi. Baadhi ya zana za zamani zilifanya hivyo hasa.

Aina ya pili hufuata kanuni za MIME, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1992. Katika furushi hili, kila barua huwekwa nzima ndani ya bahasha yake, na bahasha zote ndani ya bahasha kubwa. Mpaka kati yake ni mfuatano wa herufi uliobuniwa na seva yenyewe na kutangazwa mwanzoni, hivyo si rahisi mshairi kuugonga kwa bahati. La muhimu zaidi, kila barua huweza kuja na taarifa zake mwenyewe, ikiwamo ile inayoieleza kompyuta herufi zilizotumika ni za seti gani. Thunderbird huzionyesha barua za furushi la MIME kama viambatisho, ambavyo msomaji huweza kukifungua kimoja kimoja na kukihifadhi kwenye folda. Kwa wanaotumia Linux, mkusanyiko wa zana za nmh una amri ya kulipasua furushi na kuziweka barua zake mojamoja kwenye folda, nayo programu ya Gnus, inayokaa ndani ya Emacs, hulifungua furushi kana kwamba ni folda inayojitegemea. Zana ndogo iitwayo formail huweza kuyapasua mafurushi ya mwaka mzima kwa amri moja.

Hivyo basi, ushauri wa kwanza kwa anayejiandikisha katika orodha yenye hiari hii ni kuchagua MIME. Sababu tutaiona sasa hivi, nayo inaugusa moja kwa moja ubongo wa mwanaisimu.

Ritifaa iliyopotea

Hudhaniwa kuwa Kiswahili hakina taabu katika kompyuta. Kinaandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na alama juu wala chini. Seti ya kale ya ASCII, yenye nafasi 128 tu, inakitosha. Dhana hii ni kweli isipokuwa mahali pamoja: ritifaa ya ng'.

Ritifaa iliyonyooka imo ndani ya ASCII. Lakini programu nyingi za kuandikia hupenda kuigeuza kuwa ile iliyopinda, ili ipendeze, na iliyopinda haimo. Mtu akiandika barua yake katika programu ya namna hiyo, kisha akaibandika kwenye baruapepe, ameingiza herufi ngeni bila kujua. Kutoka hapo mambo mawili huweza kutokea. Seva za zamani zilizofunga furushi bila kufumbua usimbaji zilimletea msomaji ng=92ombe, au, kama mwandishi alitumia usimbaji wa UTF-8, ng=E2=80=99ombe. Mailman iliyosanidiwa kwa Kiingereza, inapotengeneza furushi la maandishi matupu, huiondoa kila herufi isiyoitambua na kuweka alama ya kuuliza. Msomaji hupata ng?ombe, Murang?a na chang?aa.

Anayesoma kwa macho atacheka na kuendelea. Mtafiti hana nafasi ya kucheka. Akiliomba neno ng'ombe katika kompyuta, haliji. Akiiomba programu ihesabu maneno, alama ya kuuliza huhesabiwa kuwa mwisho wa sentensi, na ombe huingia katika orodha ya nomino. Tena ng na ng' ni sauti mbili tofauti katika Kiswahili. Ngoa ni tamaa au wivu. Ng'oa ni kitenzi cha kutoa kilichosimikwa. Ritifaa ikianguka kabisa, kama inavyotokea wakati mwingine, tofauti hiyo hufutika bila kuacha alama.

Kuna pia suala la kukata mistari. Usimbaji ule ule unaozaa =92 huikata mistari isizidi herufi 76 na kuweka alama ya usawa mwishoni. Kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi, madhara huwa madogo. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, kirejeshi, mtendwa na mnyambuliko kwa pamoja. Nafasi ya kukatwa katikati ni kubwa. Neno wanaoshughulikia hugeuka wanaoshughu= mwishoni mwa mstari na likia mwanzoni mwa unaofuata. Mtafiti wa mofolojia asiyejua chanzo cha hali hiyo anaweza kupata viambishi vya ajabu.

Programu nzuri hurekebisha sehemu kubwa ya haya. Alama za =92 na =E2=80=99 hurejeshwa bila shaka yoyote, na mistari iliyokatwa huungwa. Alama ya kuuliza ni ngumu zaidi, kwa kuwa herufi ya asili imeshapotea. Hata hivyo sarufi ya tahajia yetu inatupa kanuni: alama ya kuuliza ikija mara baada ya ng na kufuatwa papo hapo na irabu, bila nafasi, karibu daima ilikuwa ritifaa. Mwanafunzi mwenye ujuzi mdogo wa kutunga programu anaweza kuiandika kanuni hiyo kwa mstari mmoja. Hii ni kazi ambayo mtunzi wa programu aliye Ulaya hawezi kuifikiria, si kwa ubaya, bali kwa kuwa hana ng'ombe katika lugha yake.

Nani alimjibu nani?

Hasara ya pili inahusu uzi wa mazungumzo. Jibu la kawaida la baruapepe hubeba mstari wa rejeo unaokitaja kitambulisho cha barua inayojibiwa. Kwa mstari huo programu huweza kuzipanga barua kama mti: swali, jibu, jibu la jibu. Waraka wa RFC 1153 uliorodhesha vichwa vya kubakizwa katika furushi, vikiwamo tarehe, mwandishi, mada na kitambulisho. Mstari wa rejeo haukuwamo. Furushi la maandishi matupu, kwa hiyo, linakuja na barua zote lakini limekata kamba zilizoziunganisha.

Zaidi ya hayo, wasomaji wa furushi walikuwa na tabia ya kulijibu furushi zima. Jibu lao lilikwenda likiwa na mada ya furushi badala ya mada ya barua, na chini yake likawa limenakili kila kitu. Kesho yake furushi jipya lilikuja na la jana tumboni, na la jana huenda lilikuwa na la juzi. Wasimamizi wa orodha walionya na kuonya. Programu inayolifungua furushi huondoa taabu hii kwa njia nyepesi: kwa kuwa kila barua inasimama peke yake, anayejibu huijibu barua hiyo, chini ya mada yake.

Rejeo likikosekana, programu hukisia uzi kwa kulinganisha mada. Huondoa herufi Re: mwanzoni na kuziweka pamoja barua zenye mada zilizobaki zikifanana. Hapa pana funzo kwa wafasiri. Wengi hudhani Re: ni kifupi cha neno la Kiingereza la kujibu, hivyo kishawishi cha kuitafsiri kuwa Jibu: ni kikubwa. Waraka wa viwango wa RFC 2822 wa mwaka 2001 unaeleza kuwa herufi hizo zimetokana na res, neno la Kilatini lenye maana ya jambo. Ni alama ya kompyuta kuliko kuwa neno. Programu zilizofasiriwa kwa Kijerumani ziliweka AW:, za Kiswidi zikaweka SV:, na matokeo yakawa nyuzi zilizokatika kila barua ilipovuka mpaka. Sisi tunaopenda kufasiri kila kitu tujifunze kuacha mengine.

Bure na huru

Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili, na watetezi wa programu huru, tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, wamelazimika kueleza bila kuchoka kuwa hawazungumzii bei. Kiswahili hakina taabu hiyo. Bure ni bila malipo. Huru ni isiyofungwa. Pegasus Mail, iliyotungwa na David Harris mjini Dunedin, New Zealand, na kutolewa mwaka 1990, ilikuwa ya bure na ilipendwa sana katika vyuo vya nchi nyingi kwa sababu ilikwenda hata kwenye kompyuta dhaifu. Lakini haikuwa huru, maana msimbo wake asilia haukutolewa. Harris alipotangaza mwaka 2007 kuwa anasitisha kazi, hakuna mtu mwingine aliyekuwa na uwezo wa kuipokea. Kwa bahati njema aliirudia baadaye. Thunderbird, nmh na Gnus ni huru: yeyote anaweza kuusoma msimbo, kuurekebisha na kuisambaza programu aliyoirekebisha.

Kwa Kiswahili tofauti hii imekwisha kuonekana kwa vitendo. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa huru; wafasiri hawakuhitaji kumwomba mtu. OpenOffice haina sehemu ya kusomea baruapepe, kwa hiyo istilahi za uwanja huu hazikupata msukumo ule ule. Kanuni ya ritifaa tuliyoitaja hapo juu nayo inaweza kuingizwa katika programu huru na mwanafunzi yeyote. Katika iliyo ya bure tu, itabaki ombi.

Maghala yaliyobomolewa

Mnamo Oktoba 2019 kampuni ya Yahoo ilitangaza kuwa inafunga kumbukumbu za Yahoo Groups, huduma iliyokuwa na jina hilo tangu mwaka 2001. Kupakia vitu vipya kulikoma tarehe 28 mwezi huo. Watu walipewa hadi Desemba, kisha hadi mwisho wa Januari 2020, kuomba nakala za vitu vyao. Baadaye vilifutwa, na tarehe 15 Desemba 2020 hata usambazaji wa barua ukakoma. Vyama vya Wakenya na Watanzania walio ughaibuni, wanafunzi wa shule moja waliotawanyika, vikundi vya makanisa na misikiti, wengi walikuwa wameyaweka mazungumzo yao ya miaka humo. Wengine hawakusikia tangazo lenyewe.

Waliosoma kwenye wavuti walibaki mikono mitupu. Waliopokea mafurushi kwa programu ya mezani walibaki na mafurushi yao. Thunderbird, isipoagizwa vingine, huhifadhi barua za folda nzima katika faili moja la mbox, ambalo ni maandishi matupu. Faili la mwaka 2005 linafunguka leo hata kwa programu sahili kabisa ya kuandikia. Yule mtu wa Misikhu aliyehangaika na flashi, ambaye tungedhani ndiye aliyepunjwa, huenda leo ndiye mwenye nakala pekee.

Tukitazama upande wa utafiti, hasara inaonekana vizuri zaidi. Kongoo mashuhuri ya Kiswahili, ile ya Helsinki iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen, ina utajiri wa magazeti, vitabu na kumbukumbu za Bunge. Hayo ni maandishi yaliyopita mikononi mwa wahariri au wanukuzi. Jinsi Mbukusu, Mdigo na Mhaya walivyoandikiana Kiswahili bila mtu wa kuwasahihisha katika miaka ambayo simu za mkononi zilikuwa zikianza kubadili tahajia yetu, hilo linapatikana zaidi katika mafurushi yaliyomo ndani ya droo za watu.

Anayetaka kuyatumia asisahau kuwa barua hizo zina wenyewe. Mwandishi aliyeiandikia orodha ya watu 300 mwaka 2003 hakukubali kunukuliwa katika tasnifu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazigusa taarifa za mtu binafsi. Majina na anwani yaondolewe kabla ya faili kutoka mikononi mwa mtafiti, na barua za orodha iliyofungwa kwa wanachama pekee zisitumiwe bila kuwauliza waliokuwa wasimamizi wake.

Kwa aliye na mafurushi ya zamani, kazi ianze na kunakili: faili asilia libaki kama lilivyo, bila kufunguliwa kwa programu ya kuandikia inayoweza kubadili ritifaa. Nakala ndiyo ipasuliwe kwa formail au nmh, barua moja moja. Halafu idadi ya barua zilizopatikana ilinganishwe na orodha ya mada iliyo mwanzoni mwa kila furushi. Zikizidi, aangalie kama hapakuwa na mshairi.